Shajara ya mradi: Kidato cha Kwanza B wafungue mdomo

Jumatatu, 20 Januari 2025

Leo nimeingia Kidato cha Kwanza B, wanafunzi 67, nikauliza swali jepesi kuliko yote niliyo nayo: "What did you eat this morning?" Kimya. Tena si kimya cha adabu, ni kile cha mtu anayetazama dawati akiomba jicho la mwalimu limpite. Nikarudia taratibu, nikaigiza mtu anayekula. Kimya. Nikageuza kwa Kiswahili: mmekula nini asubuhi? Darasa likalipuka. Chai na muhogo. Chai ya rangi tupu. Kiporo cha ugali. "Madam, huyu hajala, anadanganya!" Vicheko.

Haya, nikasema, nani ataniambia hilohilo kwa Kiingereza? Kijana mmoja wa upande wa dirishani akanyanyuka nusu, akasema "Me eat kiporo," akakaa. Wenzake wakaangua kicheko: kachapia! Akainamisha kichwa na hakukiinua tena hadi kengele.

Nimetoka na mambo mawili. Kwanza, aliyejaribu alikuwa mmoja tu na malipo yake ni kuchekwa, kwa hiyo kesho hatajaribu. Pili, na mimi mwenyewe Kiingereza cha kiporo hakikunijia upesi.

Nijikumbushe watoto hawa wametoka wapi, maana ofisini tunapenda kusema "wa siku hizi hawajui kitu" kana kwamba wamefanya makusudi. Walianza darasa la kwanza 2018. Miaka miwili ya mwanzo ni KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Kiingereza kama somo wakakianza darasa la tatu, yaani 2020, na mwaka huo shule zilifungwa kwa ajili ya Korona kuanzia 17 Machi hadi mwishoni mwa Juni. Mwaka wao wa kwanza wa lugha hii walikuwa nyumbani, wengi mashambani, wakichuma machungwa. Halafu hadi darasa la saba sayansi, hisabati na maarifa ya jamii vikaja kwa Kiswahili. Januari hii, ndani ya siku moja, Baiolojia ni Kiingereza, Jiografia ni Kiingereza, Hisabati ni Kiingereza.

Linaloniuma ni kipindi cha Historia ya Tanzania na Maadili, kinachofundishwa kwa Kiswahili. Nikiwa ofisini nawasikia haohao 67 wakibishana mpaka mwalimu anagonga meza. Akili zipo, ubishi upo, hoja zipo. Mlango tu ndio umefungwa. Mjadala wa lugha ipi itumike kufundishia ni mrefu kuliko ajira yangu na unapita juu ya kichwa changu. Mimi nina chaki, kipindi cha dakika 40, na mara mbili kwa wiki kipindi cha dakika 80.

Nimekubaliana na ticha wa Baiolojia tujaribu kazi za ushirikiano hadi shule zitakapofungwa Juni. Shabaha ni moja: kila mwanafunzi aseme sentensi yake ya Kiingereza mbele ya mtu mwingine, kila wiki. Sijasema mbele ya darasa. Mbele ya mtu. Vifaa: manila kumi, maka peni nne, mkasi wa nyumbani kwangu. Fedha ni za mfukoni, bajeti ya shule tusiitaje.

Jumanne, 28 Januari

Jaribio la kwanza limechemka. Nimegawa makundi kwa mistari ya madawati, saba kwa kundi, nikawapa kifungu kifupi na maswali matano, nikasema "discuss". Nikazunguka. Kila kundi lilikuwa na kipanga mmoja aliyevuta karatasi, akaandika, na wengine sita wakamwangalia. Kundi la nyuma kabisa walikuwa wanachora Simba na Yanga. Mwisho nikaletewa karatasi tisa safi, kila moja na majina saba kichwani na mwandiko wa mtu mmoja.

Hilo si kundi. Ni mwandishi mmoja na mashahidi sita.

Nimegundua kosa ni langu. Kazi niliyotoa mtu mmoja anaweza kuifanya peke yake, na atafanya haraka zaidi akiachwa peke yake. Kwa nini basi aongee na mwenzake? Kuwasogeza madawati hakuwapi sababu ya kuongea.

Jingine la leo: mwenzangu mmoja amenishauri nitumie kibao. Ninakijua. Nilikosomea mimi tulivishwa kibao shingoni ukikutwa unaongea Kiswahili, na unakivaa mpaka umnase mwenzio umhamishie. Nilijifunza mambo mawili kutokana na kile kibao: kunyamaza, na kumchongea rafiki. Kiingereza nilikipata kwingine. Sitakitumia.

Alhamisi, 6 Februari

Tumerudi kwenye wawili wawili. Madawati yetu ni ya kukaa wawili au watatu, hakuna cha kusogeza, hakuna vumbi. Mbinu ni ya Mmarekani Frank Lyman, aliiandika 1981, na inaeleweka kwa pumzi moja: fikiri peke yako, ongea na jirani, kisha liambieni darasa. Mimi nimeiongezea sharti la Kiswahili. Mkiwa wawili, ongeeni lugha yoyote mtakayo. Kinachopanda juu kwenda darasani ni sentensi moja ya Kiingereza, mmeitengeneza wote wawili, na yeyote kati yenu naweza kumwita aiseme.

Ubaoni niliweka mifupa ya sentensi: "We think ______ because ______." Swali: je, mwanafunzi anayetembea saa moja na nusu kuja shule apewe adhabu akichelewa? Nililichagua kwa sababu najua lina moto.

Sekunde thelathini za kufikiri zilikuwa ngumu kwangu kuliko kwao, mikono yangu inawashwa kusema kitu. Kisha jirani kwa jirani, na nikasikia kitu ambacho sijakisikia tangu Januari. Mmoja anauliza, "adhabu kwa Kiingereza ni nini?", mwenzake, "punish, ile ya kwenye tangazo la mwalimu wa zamu." Kiswahili kimebeba mzigo mpaka mlangoni, Kiingereza kikaupokea. Jozi kumi na moja zimesema. "We think no punish because the road is long and the river." Hakuna aliyecheka, na nadhani najua sababu: ukicheka, unawacheka wawili, na mmoja wao ni rafiki yako.

Ukutani nimebandika manila moja kichwa chake "Words we need". Neno la kwanza niliandika mwenyewe: kiporo, leftovers. Kijana wa dirishani alilitazama muda mrefu.

Alhamisi, 20 Februari

Leo ndiyo siku ya kukumbuka, niandike kirefu.

Nilitaka kazi ambayo huwezi kuimaliza bila mwenzio hata ukiwa kipanga wa mkoa. Walimu wa lugha wana mchezo wa siku nyingi wa pengo la habari: A anajua nusu, B anajua nusu, na njia pekee ya kupata nzima ni kuulizana. Vitabuni mifano yake ni ratiba za treni za Uingereza. Sisi tuko Muheza. Nikakata manila vipande 70, nikatengeneza soko la machungwa.

Kadi ya A: majina ya wafanyabiashara wanne, kila mmoja ana magunia mangapi na anapeleka wapi, Dar es Salaam, Arusha au Mombasa. Kadi ya B: wafanyabiashara haohao wanne, bei ya gunia na siku ya lori. Kila mmoja ana jedwali lenye mapengo. Maswali yapo ubaoni: "How many bags…?", "Where…?", "How much…?", "When…?" Sheria: kadi haionyeshwi. Ukionyesha, kadi imeliwa, inarudi kwangu. Ukikwama uliza kwa Kiswahili, lakini namba na siku zivuke kwa Kiingereza.

Dakika tano za mwanzo walinong'ona kama wako msibani. Halafu jozi moja katikati ikaanza kugombana. Nikasogea. Msichana ameandika bei ya gunia shilingi 50,000, kadi ya mwenzake inasema 15,000. "Umesema fifty!" "Nimesema fifteen!" "Fifty!" "Fifteen!" Wakaniangalia nihukumu. Nikawauliza kwa Kiswahili, kwani tofauti ni kiasi gani kwa gunia moja? Thelathini na tano elfu. Na magunia? Arobaini. Kijana wa nyuma yao, ambaye baba yake ni dalali wa machungwa, akapiga hesabu kwa kidole juu ya dawati na kusema kwa sauti: "Madam, hapa mtu analizwa!"

Darasa zima likageuka. Milioni moja na laki nne zimepotea kwenye mkia wa neno. Sijawahi kupata wasikilizaji kama wale. Tulisimamisha mchezo, tukafanya fifteen na fifty, thirteen na thirty, fourteen na forty, dakika kumi nzima, huku wao wenyewe wakidai tena. Niliwaonyesha kwamba fifteen unaivuta mwishoni, fifty unaikata. Mtu akipita nje angedhani tunafundisha kwaya.

Waliozungumza leo: wote waliokuwepo, 61. Hakuna aliyeweza kukwepa maana mwenzake angebaki na mapengo. Si kwamba Kiingereza chao kilikuwa kizuri. "How many bag he have?" nimeisikia mara hamsini. Lakini ilisemwa mara hamsini.

Ila mwalimu wa darasa jirani amekuja kulalamika kelele. Ana haki. Ukuta wetu haufiki kwenye paa.

Jumanne, 11 Machi

Mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimekwenda pamoja, nusu ya darasa wamefunga huku na nusu nyingine huku. Vipindi vya baada ya saa sita ni vya watu wanaosinzia. Nilikuwa nimepanga imla ya mbio, ile ya kubandika kifungu nje, mmoja anakimbia kukisoma, anarudi kumtajia mwandishi. Nimeiondoa. Kumkimbiza mtoto aliyefunga juani si ubunifu, ni ukatili.

Nimeweka ile aliyoieleza Ruth Wajnryb mwaka 1990 katika kitabu chake cha dictogloss. Mwalimu anasoma kifungu kifupi mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Mara ya kwanza kalamu chini. Mara ya pili unadaka maneno unayoweza. Halafu wanne wanne wanakijenga upya kifungu, si neno kwa neno, bali kwa maana na kwa sarufi inayosimama. Wanafanya wamekaa, kwa sauti ndogo. Inafaa mfungo.

Kifungu changu kilikuwa sentensi tano, kuhusu mama ntilie wa stendi. Ya kwanza: "She wakes up at four every day." Nikazunguka kuona wanavyojenga. Kundi la mlangoni limeandika "He wakes up at four." Msichana mmoja akampokonya kalamu mwandishi: "Ni mama, umeandika he?" Mwandishi: "Si ndiyo yeye?" Kweli ndiyo yeye. Kwetu anaamka ni anaamka, awe mama, baba au mbuzi. Kiswahili hakikuulizi jinsia ya anayeamka, ndiyo maana kosa hili halifi kwa kusahihishwa kwa wino mwekundu. Lakini kubishaniwa na mwenzio juu ya mama ntilie unayemjua, huenda kukasaidia.

Kisha kundi la pili likanipeleka pabaya zaidi. Wao he na she wamepatia, ila wamekataa sentensi. Mmoja akaniambia kwa heshima zote: "Madam, hapa umekosea. Mama ntilie gani anaamka saa nne? Saa nne chapati zimeshaisha!" Nilikaa juu ya dawati nikacheka. Four ni nne, na saa nne jua limeshachoma. Walikuwa wamesikia kila neno sawasawa na maana ikageuka kichwa chini. Nimefundisha Kiingereza miaka tisa, nimesahihisha saa kwenye mitihani mara nyingi mno nikiweka mkasi na kuendelea, na sikuwahi kujua kwamba vichwani mwao watu wa vitabuni wanaishi maisha ya ajabu, wanaamka saa nne na kulala usingizi saa tisa alasiri.

Tukachora saa mbili ubaoni, moja ya kwetu inayoanza kuhesabu jua likichomoza, nyingine ya kwao inayoanza kuhesabu usiku wa manane, tukaona pengo ni sita. Niliwaacha watafute wenyewe. Kundi la dirishani ndilo lililotoa kanuni kwanza, kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza: "You remove six or you add six."

Jumanne, 18 Machi

Fupi. Majukumu ndani ya kundi: mwandishi, msemaji, mtunza muda, na mmoja nilimwita mlinzi wa Kiingereza. Huyu wa nne nimemfuta leo leo. Kabla ya dakika kumi kuisha alikuwa polisi, anaandika majina ya wanaoongea Kiswahili. Kibao kimerudi kwa mlango wa nyuma. Nafasi yake nimeweka "kamusi": huyu anakusanya maneno ambayo kundi lilikosa na kuyapeleka kwenye manila ya ukutani. Maneno ya wiki hii: kubeba, kudaiwa, mgongo wazi, umeme kukatika, kusuka, mchepuko. La mwisho nimesema tutalijadili wakifika kidato cha nne.

Alhamisi, 10 Aprili

Masika. Mvua juu ya bati, na dari hatuna. Nilikuwa nasoma kifungu cha kujengwa upya, mdomo unachezacheza tu, hata mimi sijisikii. Kazi yote ya kusikiliza imekufa leo. Nimegeuza papo hapo: mazungumzo ya kimya. Karatasi moja kwa watu wanne, swali katikati, kila mmoja anaandika kwenye kona yake, wanazungusha, unamjibu aliyekutangulia, hakuna kusema. Kwa nusu saa, mvua inanguruma na watoto 50 wanabishana kwa kalamu. Wawili ambao sijapata kusikia sauti zao wameandika mistari sita sita. Nimeweka alama ya kukumbuka: sauti siyo kipimo pekee.

Ticha wa Baiolojia amejaribu kwake jinsi ya kutumia istilahi zao za msingi. Usanisinuru wanaujua tangu shule ya msingi, umbijani wanaujua. Akawapa kadi za Kiswahili, za Kiingereza na za picha, wakatafutana wakapangana watatu watatu. Anasema kilichomshangaza ni kugundua kuwa somo wanalijua. Lilikuwa limevaa nguo nyingine tu.

Alhamisi, 8 Mei

Fumbo la vipande. Tumelipanga wiki mbili, mimi na ticha wa Baiolojia, na lilistahili.

Asili yake ninaipenda. Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa ndiyo kwanza zimechanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico, na madarasa yamejaa uhasama. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaona kwamba mashindano ya kunyoosha mkono yanazidi kuwagawa. Wakalikata somo vipande, kila mtoto akapewa kimoja, na mtihani ukawa wa somo zima. Ghafla yule uliyemdharau, aliyekuwa akigugumiza Kiingereza, ndiye mwenye kipande chako. Kwetu hakuna rangi, ila kuna vipanga na vilaza, na majina hayo wanaitana wenyewe.

Somo: huduma ya kwanza. Vipande vinne: kuungua, kutokwa damu puani, kuzimia, kuumwa na nyoka. Kila kipande kifungu cha sentensi sita nyepesi, ticha wa Baiolojia amekipitia. Waliokuja 63, nikapata makundi ya nyumbani 15 ya wanne na watatu waliozidi, hao nikawafanya wataalamu pacha. Tulitoka chini ya mwembe, kwa ajili ya jirani wa ukuta mfupi.

Hatua ya kwanza, wenye kipande kimoja hukutana: hao ndio wataalamu. Wanasoma, wanaelezana kwa Kiswahili, wanatafuta jinsi ya kusema kwa Kiingereza. Hapa ndipo fujo tamu ilipo. Kwenye kuungua: kifungu kinasema maji ya bomba dakika 20, wao wanasema dawa ya meno. Kwenye damu puani: kifungu kinasema kaa, inama mbele, bana pua dakika 10, na kila mmoja wao tangu utotoni ameambiwa ainue kichwa juu. Kwenye nyoka ugomvi ulikuwa mkubwa zaidi, maana kila ukoo una jiwe lake la nyoka, na kifungu kinasema usichanje, usinyonye, usifunge kamba, mtulize mtu asitembee, mpelekeni hospitali. Ticha wa Baiolojia ilibidi akae nao robo saa.

Hatua ya pili wanarudi nyumbani kufundisha wenzao. Mara ya kwanza tulipojaribu, kule darasa A wiki iliyopita, "mtaalamu" alitoa karatasi, wengine wakanakili, hakuna aliyefungua mdomo. Desa ni desa. Safari hii tumekusanya vifungu kabla ya kurudi. Unaruhusiwa kubeba maneno matano tu, uyaandike kiganjani.

Nilikaa karibu na kundi moja kwa sababu ya msichana wa nyoka. Tangu Januari sijamsikia. Akiitwa jina husimama, hukaa kimya hadi nimwambie aketi. Leo wenzake watatu wamemzunguka na wanajua baada ya hapa kuna maswali ya vipande vyote vinne, kila mtu peke yake. Hana pa kwenda, na wao hawana pa kupata nyoka isipokuwa kwake. Akafungua kiganja: cut, suck, tie, quiet, hospital. Akasema, "No cut." Mmoja akauliza, "Why?" Akafikiri. "My uncle," akasema, halafu akanyamaza, halafu akaonyesha kwa kidole mstari mguuni kwake mwenyewe kutoka kifundo hadi goti. "They cut. Blood many. Not good. No cut, no suck, no tie. Quiet. Hospital." Mwandishi wa kundi, kipanga ambaye Januari aliandika karatasi ya watu saba, aliinamia daftari anaandika kila neno lake.

Blood many! Sikumsahihisha. Mwisho wa kipindi niliandika ubaoni "Do not cut" na "a lot of blood" bila kusema vimetoka wapi, wakanakili wote. Yeye aliandika, akanitazama mara moja.

Jumanne, 20 Mei

Mwalimu wa taaluma amepitia madaftari ya Kidato cha Kwanza B na kuniita. "Madam, notisi ziko wapi?" Swali halina ubaya. Akija mthibiti ubora hataona machungwa wala mwembe, ataona kurasa. Tumekubaliana: dakika 15 za mwisho za kila kazi ni za kuandika, kila mtu kwake, kwa ukimya. Ningefanya hivi tangu mwanzo. Kinachosemwa na kisichoandikwa kwao hupotea kabla ya kufika nyumbani, na kwa wengine safari ya nyumbani ni ndefu.

Matokeo ya jaribio la mwezi nayo yametoka. Nisijidanganye: alama hazijapaa. Wastani wa darasa B na A haupishani kwa kitu cha kujivunia. Nilichokiona ni kwenye swali la kujieleza, ambalo Februari wengi waliliacha wazi. Safari hii walioliacha wazi ni wanne. Limejaa makosa, lakini limejaa.

Jambo jingine nimelichelewa kuliona. Kwenye makundi ya mchanganyiko wavulana wanasema, wasichana wanaandika. Kila mara. Nilidhani ni hiari. Nimeanza kuzungusha majukumu kwa namba, si kwa kuchaguana, na hatua ya wawili wawili nawaweka wasichana kwa wasichana kwanza. Ticha wa Baiolojia hakubaliani nami, anasema watazoea kujitenga. Tutaona.

Jumanne, 3 Juni

Shule zinakaribia kufungwa. Nimepitia orodha ya majina na kuweka alama kwa waliosema sentensi yao walau mara moja kila wiki katika mwezi wa tano. Ni 49. Wengine saba huandika vizuri ila hawasemi. Kumi na mmoja waliobaki, sita ni watoro wa siku za gulio na msimu wa machungwa ndiyo unaanza, hao ni suala la mkuu wa shule na wazazi. Watano wapo kila siku na bado sijawafikia. Majina yao nimeyaandika nyuma ya daftari hili.

Kwa Julai: fumbo la vipande kila baada ya wiki tatu, si zaidi, linachosha maandalizi. Pengo la habari kila wiki. Kujenga upya vifungu, ndiyo, lakini si siku za mvua. Imla ya mbio bado sijaijaribu. Makundi yasizidi wanne, hata mkuu akisema madawati hayatoshi. Kijana wa kiporo nataka awe kamusi wa kundi lake, amekuwa akileta maneno ukutani hata siku ambazo hana jukumu. Wiki iliyopita alileta "kuchapia". Tulihangaika mimi na yeye, tukaandika "to make a mistake when speaking", akaisoma, akasema hiyo ni ndefu sana, kwa Kiswahili mtu ameshakucheka na kuondoka.

Jioni nimefungua kabati kuhifadhi kadi za machungwa. Mchwa wamekula zote za upande wa A, za B zimepona. Nitakata mpya wakati wa likizo, na safari hii nitaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko.